Tanboi, Ufunguo na Rilei

Babu yangu alianza kazi kwa lori akiwa tanboi. Siku hizi tanboi ni yule wa kupakia mzigo na kumwelekeza dereva akirudi rivasi. Lakini babu alituambia jina lilitokana na kuzungusha. Betri ikichoka, alichomeka hendeli ya chuma mbele ya injini, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Na hilo "boi" je? Mkoloni aliwaita hivyo hata wanaume wenye wajukuu. Siku moja injini ilirudisha teke, hendeli ikampiga. Babu alizikwa na kifundo cha mkono kilichopona vibaya. Dereva, yeye, alikuwa ameketi ndani.

Nilimkumbuka juzi, Volkswagen Beetle ya baba ilipotuaibisha Kirinyaga Road. Asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikishapata joto, unageuza ufunguo, unasikia "tik", basi. Swichi tulishabadilisha mara mbili. Baba akasema, "Sasa tuiuze tu."

Fundi akacheka. "Mzee, gari haina shida. Mnaibebesha swichi mzigo usio wake."

Mzigo huo una historia. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alifanikisha starta ya umeme, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Mkono wa mtu ukapumzika, umeme ukachukua kazi. Lakini starta ya Beetle ina solenoidi, na solenoidi hiyo hula umeme mwingi kabla ya kushika. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, swichi iko mbele, starta iko nyuma tena. Kwa hivyo umeme wote huo husafiri hadi mbele, hupita ndani ya swichi ndogo, kisha hurudi. Waya zikizeeka, nguvu hupotelea njiani, na vyuma vya swichi huungua polepole.

Dawa yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1835 Joseph Henry, pia wa Marekani, alionyesha kwamba umeme dhaifu unaweza kuamuru ule wenye nguvu: unavuta sumaku, sumaku inafunga njia ya umeme mwingine. Watu wa telegrafu waliupenda ujanja huo, maana ujumbe ulichoka ukienda mbali. Jina rilei lenyewe ni la kupokezana, kama kijiti kwenye mbio.

Fundi alitoa kwanza waya hasi ya betri. Akafunga rilei karibu na starta. Pini 30 ikaenda kwa betri kupitia fyuzi. Pini 87 ikaenda kwa solenoidi. Ile waya ya zamani kutoka kwa swichi aliihamishia pini 86, na 85 akaifunga kwenye bodi ya gari. Sasa swichi inabeba umeme kidogo sana, wa kuamsha rilei tu. Mzigo unapita njia fupi, kwa waya nene iliyoundwa kuubeba.

Tuliizungusha mji hadi injini ikapata joto, nikaizima. Kisha nikageuza ufunguo kwa vidole viwili. Ikashika papo hapo.

Baba aliutazama mkono wangu kwa muda. Hajataja tena habari ya kuuza.