Kisale, ziwa lenye kulinda makaburi ya wazee

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua Bukama kwa sababu ya samaki. Wanafika sokoni wakavu, tunawala, na hatuulizi maji yao yanafanana namna gani. Ni hasara. Chini ya Bukama mto Lualaba unaacha kuwa mto wa kawaida: unapanuka katika bonde kubwa na kuzaa maziwa mengi, Upemba, Kisale, Kabamba na mengine, pamoja na mabwawa ya mafunjo ambayo macho hayafiki mwisho wake. Upande wa mashariki inasimama milima ya Kibara.

Pale Kisale mafunjo yanashikana kwa mizizi mpaka yanakuwa visiwa vyenye kuelea, na wavuvi wanajenga vibanda vyao juu yake. Mwingereza Cameron, aliyepita upande ule mwaka 1874, aliandika tayari habari za watu wenye kukaa namna hiyo. Inafaa kuona jambo hilo kwa macho.

Lakini utajiri mkubwa uko chini ya udongo. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba pale Sanga, kando ya ziwa. Jean Hiernaux akaendelea mwaka 1958, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret naye. Walikuta wafu wamelazwa pamoja na vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma, shanga na mapambo ya shaba. Makaburi mengine ni ya karne ya 8 ao ya 9. Ndugu msomaji, wengi wetu tulijifunza shuleni sawa vile historia ya inchi hii inaanza na Diogo Cão, mwaka 1482!

Tuangalie shaba hiyo. Bondeni haipatikani. Ilitoka kusini, upande wa migodi yetu ya leo, safari ya siku nyingi kwa miguu. Kauri nazo zilitoka Bahari ya Hindi, zikipita mkono kwa mkono. Watu wa Kisale walilipa na nini? Sisi tunafikiri ni samaki mukavu, yuleyule wa sokoni. Mwanzoni misalaba ya shaba ilikuwa mikubwa na michache. Kiisha ikawa midogo, mingi, ya kipimo karibu kimoja, na wataalamu wanaiona kuwa feza. Njo ile misalaba iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, lakini ni wangapi waliojua inatoka wapi?

Kule Katongo mtu mmoja wa heshima alizikwa na fuawe karibu na kichwa, na shoka la mpini uliopambwa kwa misumari. Fuawe na shoka ni alama za ufalme wa Waluba, karne nyingi kiisha kaburi lile. Wazee wakisimulia Kalala Ilunga, hatusemi wanadanganya. Tunasema kisa chao kina mizizi mirefu kuliko vile tulivyozoea kuhesabu.

Mwaka 1939 serkali ya Wabelgiji ilikata Parc ya Upemba upande ule. Inalinda punda milia wa mwisho wa Kongo, na hiyo ni kazi njema; ila wakaaji walikatazwa kuwinda pahali babu zao waliwinda, na magomvi yale hayajaisha. Kiisha vita na watu wa silaha waliingia, na walinzi wa parc walipoteza maisha. Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda aulize kwanza habari za usalama. Njia ni gari la moshi mpaka Bukama, siku linapotembea, kiisha mtumbwi; na akifika kijijini, aanze kwa kumsalimia chifu.

Jambo moja tunaliomba sana: asiokote kitu. Kipande cha chungu kikitoka pahali pake hakiwezi tena kusema kama kilikuwa kwenye kichwa cha mufu ao kwenye miguu yake, na kule Sanga ni kwa alama za namna ile tu tuliweza kujua yote haya.