Antigone: mchezo wa kale juu ya haki ya kuzika ndugu

Katika masomo ya fasihi, mchezo wa Antigone unasomwa bado, ijapokuwa Sophocles aliuonyesha mjini Athens, Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wakati ule waigizaji walikuwa watatu tu, wote wanaume, wamevaa sura za bandia. Hata Antigone, msichana, aliigizwa na mwanaume.

Ndugu wawili wanauana wakigombania utawala wa Thebes. Mjomba wao Creon anachukua kiti na kutoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, Polynices aachwe nje aliwe na ndege na mbwa. Dada yao Antigone anakataa. Anammwagia maiti udongo kwa mikono yake, anakamatwa, anafungiwa pangoni akiwa hai.

Walimu wengi wanauliza nani mkosaji. Swali hilo si rahisi. Creon ana sababu: mji umetoka vitani, na Polynices ndiye aliyeleta jeshi la kigeni. Antigone naye ni mkali, anamsukuma mbali hata dada yake Ismene. Lakini adhabu ya kunyima kaburi haimfikii marehemu, inawapiga waliobaki. Creon anapokubali kosa, anaanza kuzika maiti, kisha ndipo anaenda pangoni. Amechelewa. Antigone amejinyonga, na mchumba wake Haemon, mtoto wa Creon, anajiua palepale. Mke wa Creon naye anajiua.

Mchezo huu umerudi mara nyingi mahali penye mateso. Mwaka wa 1944 Jean Anouilh alionyesha Antigone yake mjini Paris, Wajerumani wakiwa bado wanautawala mji huo. Kwenye gereza la Robben Island wafungwa waliucheza, na Nelson Mandela akachukua nafasi ya Creon, yaani ya mtawala.

Mkongomani akiusoma, ni vigumu asimkumbuke Patrice Lumumba. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi. Mwaka wa 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akiomba mabaki ya baba yake. Jamaa walikabidhiwa mabaki hayo Brussels mwezi wa sita 2022, na tarehe 30 yakazikwa Kinshasa. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na jino moja.