Ufumaji wa Nguo katika Unyamwezi wa Zamani

Watu wengi hudhani ya kuwa babu zetu wa Usukuma na Unyamwezi walivaa ngozi tu, hata nguo za wageni zilipokuja. Sivyo. Ngozi zilivaliwa, na magome ya miti pia, lakini pamba nayo ilifumwa. Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, naye akaandika habari za wafumaji wa Unyamwezi.

Kazi ilikuwa hivi. Kwanza pamba ilitolewa mbegu, ndipo uzi ukasokotwa kwa kijiti chenye uzito, kikizunguka kama pia. Kisha mtande ulitandwa baina ya miti miwili iliyofungwa kwa vigingi ardhini, na mfumaji akapitisha mshindio, akaukaza kwa ubao. Wamaya wa kale, huko Amerika ya Kati, nao walifuma pamba. Ila kwao wafumaji walikuwa wanawake, na mtande ulifungwa mtini upande mmoja, na upande wa pili kiunoni mwa mfumaji. Wajukuu wao katika Guatemala wangali wakifuma hivyo.

Mbona kwetu kazi hii ilikufa? Mwaka 1833 Sayyid Said aliagana na Marekani juu ya biashara, na merikebu za Salem zikaleta Unguja nguo ile iitwayo merikani. Misafara ikaipandisha bara, nao wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Kitambaa cha mkono chataka siku nyingi. Cha mtambo huja kwa majora. Basi mfumaji akakosa mnunuzi, na mwanawe akashika mzigo badala ya uzi. Wafipa walidumu kufuma hata mwanzo wa karne ya 20.

Leo Shinyanga na Geita hulima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi huuzwa nje ingali haijafumwa, nasi twanunua nguo zilizofumwa na wengine.

Huko Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea. Nawe msomaji, jembe lako likifukua kigae cha namna hiyo, usikitupe. Kipeleke kwa wazee, ukawaulize habari zake wangali hai.