Tiara Mkononi mwa Mtu Mzima

Septemba 1908, jarida la The Century la Marekani lilichapisha makala ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, wakieleza walivyoifikia ndege yao. Humo mna ungamo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Utotoni, wanasema, walikuwa wakirusha tiara hadi wakahesabiwa kuwa mafundi wa mchezo huo. Walipokua kidogo wakaacha, maana haukuonekana kuwafaa vijana wa umri wao. Waliuacha wakiwa bado wanaupenda.

Haya hiyo sisi wa pwani tunaijua. Mtoto akizifunga chelewa msalaba, akabandika gazeti kwa uji wa ngano na kuchana kanga kuukuu kupata mkia, hupewa uzi na kuachiwa aende zake uwanjani. Baba yake akifanya hivyo hivyo ataambiwa ni mtu mzima hovyo. Na bado lugha yetu inashuhudia kwamba tiara haikuwa ya watoto peke yao. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuruka. Tiara ikikatika uzi ikachukuliwa na upepo, tunasema imekwenda arijojo. Msemo huo tumeuhamishia kwenye biashara iliyofilisika na mipango iliyoharibika, na siku hizi hutamkwa na wazee kwenye vikao vizito. Aliyeusema wa kwanza alikuwa amesimama mahali fulani, uso juu, uzi umelegea mkononi.

Huko Uchina, ambako tiara ina zaidi ya miaka 2,000, hariri na mianzi vilitumiwa kuitengeneza kabla karatasi haijaenea, na haikuwa kazi ya watoto. Japani pia imeiacha mikononi mwa wakubwa. Katika mji wa Hamamatsu, kila mwaka tarehe 3 hadi 5 Mei, mitaa hushindana kwa tiara kubwa zinazovutwa na kundi la watu wazima waliovaa sare za mtaa wao, kusherehekea mtoto wa kwanza aliyezaliwa katika familia. Mtoto mwenyewe yumo mikononi mwa mamaye. Wanaovuta kamba na kutoka jasho ni baba na babu. Ahmedabad, India, tarehe 14 Januari, siku ya Uttarayan, familia nzima hupanda juu ya dari, na wanaume wenye mvi hupigania anga kwa nyuzi zilizopakwa unga wa chupa. Nyuzi hizo zimekata ndege wa angani na hata shingo za wapita njia, na wanaozipiga vita wana haki. Lakini hakuna anayemwambia babu wa Ahmedabad kwamba amerudi utotoni.

Ulaya na Marekani tiara ilichukuliwa kuwa kitu cha watoto, na mtu mzima aliyeishika alitafuta pa kujificha. Mwaka 1749, karibu na Glasgow, Alexander Wilson alizifunga tiara kadhaa kwenye uzi mmoja, akapandisha vipimajoto angani kupima baridi ya juu. Miaka 3 baadaye Benjamin Franklin alifanya jaribio lake maarufu la umeme wa radi. Joseph Priestley, aliyeisimulia habari hiyo, anasema Franklin hakumwambia mtu isipokuwa mwanawe, kwa kuogopa kuchekwa. Mwalimu George Pocock wa Bristol ndiye hakuogopa kitu. Mwaka 1826 alisajili hataza ya gari lililovutwa na tiara, akaendesha barabarani. Ushuru wa barabara ulitozwa kwa kuhesabu farasi, na gari lake halikuwa na hata mmoja, kwa hiyo alipita bila kulipa.

Ninayempenda kuliko wote ni Lawrence Hargrave. Alikuwa na kazi ya heshima katika kituo cha kuchunguza nyota cha Sydney, akaiacha mwaka 1883 ili ashughulike na mambo ya kuruka. Mwaka 1893 akabuni tiara ya sanduku: vyumba viwili vya kitambaa juu ya fremu ya mbao, vyenye nafasi katikati, vilivyotulia angani kuliko tiara yoyote iliyotangulia. Novemba 12, 1894, akiwa na miaka 44, alishuka ufukweni Stanwell Park, kusini mwa Sydney, pamoja na msaidizi wake James Swain. Waliifunga kamba kwenye mifuko ya mchanga, wakapandisha tiara 4 zikifuatana, na chini yake kikaning'inia kiti. Hargrave akakaa humo na vipimo vyake vya upepo. Upepo wa bahari ulimwinua karibu mita 5 kutoka ardhini, akasoma vipimo vyake, akashuka salama. Hakuchukua hataza yoyote. Alichapisha yote aliyoyagundua ili kila atakaye atumie, na wakatumia: mabawa ya ndege aliyorusha Alberto Santos-Dumont jijini Paris mwaka 1906 yalikuwa vyumba vya tiara ya Hargrave.

Na wale ndugu Wright wa Dayton? Haya iliwatoka. Kiangazi cha 1899 Wilbur, mwenye miaka 32, alitengeneza tiara ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wa mita moja na nusu, akaipeleka nje ya mji. Uzi ulikuwa wa ncha nne, umefungwa kwenye vijiti viwili, mkono wa kulia kimoja na wa kushoto kimoja. Akivipinda vijiti, mabawa yalijikunja na tiara ikageuka. Watoto wachache walikuwa wakitazama. Ilipopiga mbizi ghafla walijitupa chini kifudifudi. Namna ile ya kukunja mabawa ndiyo iliyoiongoza ndege yao Desemba 17, 1903. Mchezo ulioonekana haufai umri wao ndio walioanzia tena.

Tena faida za tiara hazikuishia hapo: mwaka 1901, ilimshikia Guglielmo Marconi waya wa kupokea mawimbi ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1948, mhandisi Francis Rogallo na mkewe Gertrude walishona tiara isiyo na fremu kutoka pazia la jikoni mwao. Waajiri wa Francis hawakuijali, hivyo yeye na mkewe wakaiuza kama kitu cha kuchezea. Baada ya miaka kadhaa bawa hilo hilo lilijaribiwa na NASA kwa ajili ya kurudisha vyombo vya anga duniani, na kutoka kwake ukazaliwa mchezo wa kuruka milimani kwa bawa la kitambaa.

Sipendi hata hivyo kuitetea tiara kwa faida zake tu, kana kwamba mtu mzima apewe ruhusa ya kucheza kwa sharti la kubuni ndege. Wengi wanaorusha tiara hawatagundua lolote. Wanapata saa moja ya kutazama juu, kidole kikisikia upepo kupitia uzi, na hicho ni kitu kamili, hakihitaji cheti. Mzee anayecheza bao barazani hatumuulizi bao lake limezalisha nini. Anayerusha tiara naye aachwe, na akitaka tumshikie uzi.

Na Hargrave hakusahauliwa: mwaka 1966 Australia ilipotoa noti zake mpya, noti ya dola 20 ilibeba sura yake pamoja na michoro ya majaribio yake ya kuruka. Watu waliitumia kulipia mkate na nauli hadi miaka ya 1990.