Mabango ya Muziki ya San Francisco, 1966–1967

Mabango haya, yaliyopigwa chapa ili kutangaza maonyesho ya muziki katika kumbi za Fillmore na Avalon, mjini San Francisco, Marekani, ni shahidi wa zama ambazo sauti na hati zilifungamana. Mchoraji wake mmojawapo, Wes Wilson, aliyeathiriwa na herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna, alizinyosha na kuzipinda herufi zake hata zikalijaza umbo zima mithili ya ndimi za moto. Naye Victor Moscoso, mzaliwa wa Hispania, aliyepata elimu ya rangi kwa Josef Albers katika Chuo Kikuu cha Yale, alikabilisha rangi zinazohitilafiana, kama nyekundu na buluu, kwa ukali ulio sawa, hata jicho, lisiweze kubainisha iliyo mbele na iliyo nyuma, likaona maandishi yanatetemeka. Athari hiyo iliwafiki barabara magitaa ya umeme ya bendi za Grateful Dead na Jefferson Airplane, na nuru za rangi zilizomiminwa kwenye kuta za kumbi hizo. Ugumu wa kuyasoma ulikusudiwa, ili mpita njia asimame. Nawe, mgeni mtukufu, usifanye haraka: simama mpaka herufi zikudhihirikie.