Walutheri Wageni katika Nchi ya Bariadi

Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, ni mahali palipo leo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Hapo Waanglikana wa C.M.S. walianza kazi mwaka 1888, na mwaka 1909 wakawaachia watu wa Africa Inland Mission. Tangu siku hizo nchi ya Wasukuma, kwa upande wa Waprotestanti, ilihesabiwa kuwa fungu la misheni hiyo. Walutheri hawakuwamo katika hesabu. Kazi yao ilikuwa Kilimanjaro, walikofika watu wa Leipzig mwaka 1893. Ilikuwa Bukoba, walikofika watu wa Bethel mwaka 1910. Na ilikuwa Iramba, walikofika Wamarekani wa Augustana katika miaka ya 1920. Misheni zilijaribu kutoingiliana mipaka, na desturi hiyo ilikuwa na faida yake, maana ilizuia magomvi ya aibu mbele ya watu waliokuwa wakihubiriwa upendo. Lakini ilijengwa juu ya dhana kwamba mtu azaliwapo ndipo atakapozeekea.

Dhana hiyo haikudumu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikaigeuza nchi yote iliyo kusini na mashariki ya ziwa. Bariadi, katika nchi ya Ntuzu, ilipata maduka, shule, ofisi za serikali na vyama vya ushirika; navyo vyama hivyo viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, vikahitaji watu wa kupima mizani na kuandika vitabu. Wengine katika watu hao walitoka mbali. Hivyo ndivyo Walutheri walivyoingia katika pande hizi za ziwa: hawakuingia wakimfuata mmisionari aliyepewa nchi, bali waliingia wakiufuata mshahara, Mhaya, Mchaga na Mnyiramba, kila mmoja na Katekisimo yake sandukuni pamoja na nguo.

Shida yao ya kwanza ilizaliwa pamoja na mtoto. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lililo msingi wa mafundisho ya Walutheri popote walipo, lafundisha katika kifungu cha 9 kwamba watoto wachanga nao yapasa wabatizwe. A.I.M., kwa upande wake, iliwafundisha watu wake kwamba ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini kwa nafsi yake, tena ni wa kuzamishwa majini. Basi karani Mhaya aliyekwenda kuabudu na jirani zake siku ya Jumapili aliimba nao na kuomba nao, wala hakuona ugeni mkubwa, mpaka mkewe alipojifungua. Kungoja mtoto akue kulikuwa ni kukiri kwamba ubatizo alioupokea yeye mwenyewe akiwa mchanga haukuwa kitu. Kutongoja kulikuwa ni safari ya kwenda Mwanza, kisha meli ya kuvuka ziwa hata Bukoba, na nauli ya watu watatu. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, la kuwashughulisha wanateolojia tu. Si dogo. Kwa Mlutheri ubatizo ni tendo la Mungu kwa mtu kabla mtu hajaweza kutenda neno lolote. Kwa yule mwingine, maji juu ya kichwa cha mtoto asiyejua lolote humfariji mzazi tu, na huenda yakamdanganya mtoto baadaye. Kila upande uliogopa kumdhulumu mtoto yule yule.

Shida ya pili ilikuwa ya huduma yenyewe. Desturi ya Kilutheri yamruhusu Mkristo yeyote kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa. Chakula cha Bwana hakina ruhusa ya namna hiyo, kwa kuwa kifungu cha 14 chataka anayegawa sakramenti awe ameitwa kwa utaratibu. Mzazi aliweza basi kuchukua bakuli la maji usiku wa homa, asiweze kuwapa wenziwe mkate na divai Jumapili iliyofuata. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa Katekisimo Ndogo, nayo ilimfaa kuliko alivyodhani, kwa sababu Luther aliitunga mwaka 1529 ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake.

Si Bariadi peke yake iliyopata kuulizwa kama wageni wasio na mchungaji ni kanisa. Mwaka 1839 Wajerumani wa Saxony waliohamia Missouri, Marekani, walimwondoa kiongozi wao Martin Stephan, wakabaki na hofu kwamba wamepoteza kanisa pamoja naye. C.F.W. Walther aliwajibu katika mjadala wa Altenburg mwaka 1841 kwamba penye Neno na waamini kanisa lipo, na usharika wana haki ya kumwita mchungaji. Tofauti ni kwamba wale walihama wote pamoja wakisema lugha moja. Walutheri wa Bariadi walikutana njiani tu.

Hapo pana jambo la kushangaza kidogo. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu 1902 mpaka 1938, alifundisha kwamba Injili hushika mizizi katika ukoo, ujirani na rika. Mchaga aliyelelewa katika mafundisho hayo alipofika Ntuzu hakuwa na ukoo wala rika, na jirani yake alikuwa Mhaya. Kiswahili kikawa lugha ya madhabahu yao, si kwa kuamuliwa na mkutano wowote, bali kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Kiliwaunganisha, na papo hapo kiliwatenga na mkulima Msukuma wa kijijini, aliyeliona kanisa hilo kuwa la watu wa ofisini.

Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963, wageni hao walipata kwa mara ya kwanza kanisa moja la nchi nzima, lisilo la Buhaya wala la Kilimanjaro. Baadaye pande hizi zilihudumiwa na Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza. Kisha, katika karne hii, ikazaliwa Dayosisi ya Kusini Mashariki ya Ziwa Victoria, yenye makao Shinyanga. Mkoa wa Simiyu wenyewe uliundwa mwaka 2012. Wajukuu wa makarani wale wamezaliwa Bariadi, wasema Kisukuma, na wengine wameoa katika nyumba za A.I.C., kanisa lililotokana na misheni ile ya Nassa. Mtoto azaliwapo katika nyumba hizo, bibi wa upande mmoja huuliza atabatizwa Jumapili gani, na bibi wa upande wa pili husema mwacheni kwanza akue.