Alijitoboa koo ndio aongee

Wasee, mnajua nani aliwaonyesha madaktari njia ya kumrudishia sauti mtu aliyetolewa zoloto? Mgonjwa. Mapema miaka ya 1930, Marekani, jamaa mmoja alipasha moto chuma cha kuvunjia barafu, akajitoboa kati ya bomba la hewa na umio. Akaongea! Mimi sindano tu hunishinda.

Shida, tundu kama hilo huvujisha chai hadi mapafuni. Madaktari walihangaika hadi 1980, Eric Blom na Mark Singer walipochapisha dawa yake: kivali cha silikoni. Unaziba tundu la shingoni kwa kidole, hewa inapita, koo linatetemeka, unaongea. Chai hairudi.

Vali inaitwa Blom-Singer, sawa. Lakini yule wa chuma kwa vitabu ni “mgonjwa” tu, na hiyo inanikera.